Taifa Maana Yake Nini?

Yako maneno tunayoyatumia mara chache, nayo twayapima kabla ya kuyatamka. Na yako maneno tunayoyatamka kila siku, hata hatuyasikii tena. Neno taifa ni mojawapo la hayo ya pili. Watoto wa shule husimama mbele ya bendera ya taifa. Redio hutangaza habari za taifa. Wakubwa huhutubia taifa. Lakini ukimwuliza mtu, “Taifa ni nini?”, huenda atanyamaza kidogo, kisha atajibu, “Taifa ni sisi.” Ukimwuliza tena, “Sisi ni nani?”, hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kwetu Fizi na Baraka ugomvi huo si wa maneno matupu. Watu wameuawa kwa ajili yake, nyumba zimechomwa, ng’ombe wamenyang’anywa, na vijiji vizima vimehama. Kwa hiyo si kazi ya bure kukaa kitako na kulichungua neno hili: limetoka wapi, lina maana gani, nalo latudai nini.

Neno limetoka wapi

Taifa ni neno la asili ya Kiarabu, kama maneno mengi ya Kiswahili yaliyopanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara, yakapita Tabora na Ujiji, yakavuka ziwa, yakaenea mpaka Kabambare na Kasongo. Hata baraka, neno ambalo ni jina la mji wetu, Kiswahili kililipata kwa Waarabu.

Katika Kiarabu maana ya kwanza ya neno hili si nchi, wala si dola. Maana yake ni kikundi, yaani sehemu ya watu katika umati mkubwa. Na mzizi wake ni tendo la kuzunguka. Mwislamu aendaye Makka kuhiji huizunguka Kaaba mara saba, na kwa Kiswahili tendo hilo huitwa kutufu. Kutufu na taifa ni watoto wa mzizi mmoja. Basi, tukilitazama neno katika asili yake, taifa ni watu wanaozunguka kitu kimoja.

Yuko mtoto mwingine wa mzizi huo, naye wavuvi wa Tanganyika wamjua sana: ni tufani. Kamusi za Kiarabu huliweka neno hilo pamoja na taifa chini ya mzizi mmoja. Tufani nayo huzunguka. Lakini haizunguki kwa ajili ya kitu; huzunguka kwa nguvu zake tu, na chochote inachokikuta hukipindua. Tuyaweke akilini maneno haya mawili, maana yatatusaidia mbele.

Ndugu za neno hili

Neno hujulikana vizuri zaidi likisimamishwa karibu na ndugu zake. Tuwatazame wanne.

Wa kwanza ni kabila. Hilo nalo ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuelekea na kupokea. Katika mzizi huo Kiswahili kimepata maneno mengine: kukabili, yaani kutazamana uso kwa uso, kukubali, yaani kupokea, na kibla, yaani upande ambao Waislamu huuelekea wakisali. Tazama jambo la ajabu: neno ambalo siku hizi hutumika kuwatenga watu, lina undugu na neno la kukubaliana. Kurani yenyewe, inapotaja makabila, yasema kwamba watu wamegawanywa hivyo ili wapate kujuana.

Wa pili ni raia. Asili yake ni kundi linalochungwa na mchungaji. Ndiyo maana zamani raia alikuwa mtu wa chini ya mfalme, mwenye kutii na kulipa kodi. Leo raia ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Neno limepanda cheo, kama mtu.

Wa tatu ni mzalendo. Hili lina tendo la kuzaa ndani yake: mzalendo ni mtu aliyezaliwa katika nchi. Baadaye likapata maana ya mtu aipendaye nchi yake na kuitumikia. Na katika Kivu, tangu miaka ya vita vya karibuni, Wazalendo limekuwa jina la vikundi vyenye silaha.

Wa nne ni mgeni kutoka Ulaya: natio, neno la Kilatini ambalo Wafaransa wamelipata wakasema “nation”. Nalo limetoka katika tendo la kuzaliwa. Kwa asili yake, natio ni watu wa uzazi mmoja.

Sasa twaona tofauti. Neno la Kilatini laanza na tumbo la mama. Neno letu taifa laanza na kusanyiko. Moja lauliza, “Ulizaliwa na nani?” La pili lauliza, “Unazunguka nini pamoja na wenzako?” Na sisi watu wa Kongo tumepata taabu ya kuishi kati ya maneno hayo mawili: sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, bali sokoni, njiani na nyumbani tunasema Kiswahili.

Je, asili ya neno ina nguvu gani?

Pengine msomaji mwenye akili atapinga akisema: “Neno si mbegu. Halilazimiki kuzaa daima tunda lile lile. Kwani asili ya neno yatuhusu nini, ikiwa watu wote wamekwisha kulibadili?”

Amesema kweli. Hata katika Kiswahili chenyewe, taifa na kabila vilikaa muda mrefu kama maji katika chungu kimoja. Kamusi ya mwaka 1939, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, yataja maana zote mbili chini ya neno taifa. Tena katika Maandiko Matakatifu ya Kiswahili, neno hili liliwahi kuwa la watu wengine kabla ya kuwa letu. “Watu wa Mataifa” walikuwa wale wasio Wayahudi, watu wa nje. Paulo aliitwa Mtume wa Mataifa kwa sababu alitumwa kwa hao walio nje. Mkristo wa Fizi, awe Mbembe, Mbuyu, Mbwari, Mfuliru au Munyamulenge, ni mmoja wa hao Mataifa walioingizwa ndani kwa neema, si kwa uzazi. Asisahau.

Baadaye neno likapata ukubwa mpya. Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918 dola ziliunda Shirika la Mataifa, na baada ya vita vya pili ukaanzishwa Umoja wa Mataifa, mwaka 1945. Kisha ikaja miaka ya uhuru: Kongo tarehe 30 Juni 1960, Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Katika Kenya lilianza gazeti lililoitwa Taifa mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo watu walihitaji neno la kuwataja pamoja wote walioishi ndani ya mpaka mmoja, wenye lugha nyingi na mila nyingi. Wakalichukua taifa, wakaliacha kabila libaki na kazi yake ndogo.

Basi, asili ya neno haitutawali. Lakini yaweza kutukumbusha. Waliochagua neno hili kwa ajili ya nchi mpya hawakuchagua neno la damu. Walichagua neno la kusanyiko. Huenda hawakufikiri hivyo siku ile, lakini ndivyo walivyotuachia.

Hatari ya kuzunguka

Hata hivyo tusilipambe neno hili kupita kiasi. Kusanyiko laweza kuwa jema, laweza kuwa baya. Tuangalie nchi mbili za mbali.

Hispania zamani ilitawaliwa na makhalifa Waislamu wa mji wa Cordoba. Mwaka 1031 ukhalifa ule ulikwisha, na nchi ikapasuka katika falme ndogo ndogo, kila moja ikijizunguka yenyewe. Wenye kuandika historia kwa Kiarabu waliwaita watawala wale wafalme wa vikundi, kwa neno lile lile la taifa, na mpaka leo Wahispania huziita falme zile “taifas”. Ziligombana, zikakodi askari wa kigeni mmoja dhidi ya mwenzake, na moja baada ya nyingine zikamezwa na wenye nguvu. Toledo ilianguka mwaka 1085.

Nchi ya pili ni Lebanoni. Kule neno hili limebaki na maana ya kikundi cha dini, na vyeo vikubwa vya serikali hugawanywa kwa vikundi hivyo: rais huwa Mkristo wa Wamaroni, waziri mkuu huwa Msuni, spika wa bunge huwa Mshia. Desturi hiyo ilikusudiwa kuleta amani. Lakini haikuizuia vita iliyowaka toka 1975 mpaka 1990.

Ndipo twaona kwamba neno moja laweza kutaja umoja wa nchi, laweza kutaja kupasuka kwake. Tofauti iko katika kile kilicho katikati. Watu wakiizunguka haki, wamekuwa taifa. Wakijizunguka wenyewe tu, wamekuwa tufani.

Kwetu Fizi

Sasa turudi nyumbani. Teritwari ya Fizi imelala kati ya ziwa na milima. Chini pwani kuna Baraka na rasi ya Ubwari. Juu kuna Itombwe na nyanda za Minembwe zenye baridi na malisho. Wavuvi, wakulima na wachungaji wamekutana hapa kwa muda mrefu, na mara nyingi wamebadilishana samaki, mihogo, mahindi, maziwa na ng’ombe bila kuulizana hati.

Karne ya kumi na tisa pwani hii iliona biashara ya watumwa. Mapadre Weupe walifungua misioni ya Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na ya Kibanga mwaka 1883. Wakawakomboa watu waliokuwa wamekamatwa huku na huku, wengi wao watoto, wenye lugha mbalimbali, wasio na ukoo wa kurudia. Watu wale waliulizwa kabila? Kabila lao lilikuwa mbali, labda limekwisha teketea. Walijenga vibanda karibu karibu, wakalima, wakaoana, wakazaa. Walikuwa watu wa namna gani? Sina neno la kuwafaa kuliko lile la zamani: kikundi kinachozunguka kitu kimoja. Kabla ya bendera, kabla ya katiba, pwani hii ilikwisha kuona taifa dogo lisilo la damu moja.

Kisha ikaja mipaka. Ziwa ambalo lilikuwa njia likawa ukuta: upande huu Wabelgiji, upande ule Wajerumani, na baadaye Waingereza. Watu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili. Mpaka leo Wabembe wako Kigoma, na wako Fizi.

Baada ya uhuru likatokea swali la uraia, na tazama jinsi sheria zilivyolijibu. Katiba ya mwaka 1964 ilisema kwamba Mkongo ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokaa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya mwaka 1981 iliyafuta hayo, ikarudi nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya mwaka 2004, na Katiba ya mwaka 2006 katika fungu lake la 10, zikaweka siku ya uhuru: Mkongo wa asili ni mtu wa makundi ya kabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo mwaka 1960.

Hesabu, ndugu msomaji: katika miaka arobaini tu, tarehe nne. Mtu aliyezaliwa Minembwe, asiyetoka kilimani kwake hata siku moja, aliweza kulala raia na kuamka mgeni, kisha kulala mgeni na kuamka raia. Hakubadilika yeye, wala mlima wake. Kilichobadilika ni karatasi ya Kinshasa. Tena angalia: sheria zote hizo hupitia mlango wa kabila ili zifike kwenye taifa. Hazimwulizi mtu, “Umetenda nini? Umekaa wapi? Unazishika sheria?” Zauliza kwanza, “Wewe ni wa kundi gani?” Kwa njia hiyo sheria yenyewe yawafundisha watu kwamba ukitaka kumwondoa jirani katika taifa, yatosha kulikana kabila lake.

Maswali matatu

Lakini si haki kusema kwamba upande mmoja tu una kilio. Mbembe naye ana hofu yake, nayo si hofu ya kipumbavu. Ardhi ya wazee wake ndiyo akiba yake ya pekee. Ameona majeshi yakipita, akaona vita vikipiganwa kwa jina la kulinda watu fulani, na mwisho wake ni makaburi yake mwenyewe. Mwaka 2020, ilipozinduliwa komyuni ya Minembwe, nchi nzima iliwaka kwa maneno, mpaka rais akaisimamisha. Wengine waliona katika jambo lile haki yao iliyocheleweshwa. Wengine waliona ardhi yao ikimegwa.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyochunguza maovu ya Kongo toka 1993 mpaka 2003, yataja waliokufa wa pande zote mbili. Yataja Banyamulenge waliouawa Baraka na Lueba mwezi Septemba 1996. Yataja mamia ya watu waliouawa Makobola, katika siku za kufunga mwaka 1998 na kufungua mwaka 1999, wakati wa vita vya RCD. Kuna watu kwetu wanaojua vizuri sana tarehe ya kwanza na hawataki kuisikia ya pili. Kuna wengine wanaojua ya pili na hawataki kuisikia ya kwanza. Huko ndiko kujizunguka wenyewe.

Nafikiri ugomvi wetu hauishi kwa sababu tumefunga maswali matatu katika mzigo mmoja. La kwanza: nani ni raia? La pili: ardhi hii ni ya nani? La tatu: nani atatawala hapa? Maswali haya ni ndugu, lakini si mapacha.

Swali la uraia ni la taifa, na taifa halina haki ya kulijibu kwa kutazama pua ya mtu. Swali la ardhi ni la haki na ushahidi: nani amelima, nani amechunga, nani alipewa na nani, na kwa mapatano gani. Kuwa raia hakumpi mtu shamba la jirani. Wala kuwa mwenye shamba hakumpi mtu uwezo wa kumvua jirani uraia. Na swali la utawala ni la sheria na la hiari ya watu, mila za wazee zikiheshimiwa. Mtu akisema, “Huyu si raia, kwa hiyo hana shamba,” amechanganya. Na mwingine akisema, “Mimi ni raia, kwa hiyo natawala popote nipendapo,” amechanganya vile vile. Kila mmoja ametia swali la mwenzake ndani ya lake, kisha ameita bunduki kuwa hakimu.

Nani kwetu hajawa mgeni?

Liko jambo moja ambalo watu wa Fizi walijua kwa miguu yao wenyewe. Tangu mwaka 1996 maelfu kwa maelfu walivuka ziwa wakakimbilia Tanzania, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Kule walikuwa wageni. Walipanga mstari wa chakula wakiwa na karatasi mkononi. Watoto wao walizaliwa huko. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wengine Baraka, na walioteremka bandarini wengine hawakuwa wamepata kuiona nchi inayoitwa kwao. Kisha toka mwaka 2015 ikawa zamu ya Warundi kukimbilia kwetu, wakapokewa Lusenda, katika teritwari hii hii. Aliyekuwa mgeni jana, leo akawa mwenyeji. Waisraeli waliamriwa wampende mgeni kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Sisi hatuhitaji kwenda Misri kulielewa neno hilo, Kigoma yatosha.

Tena tazama ng’ambo ya ziwa. Wamanyema wa Ujiji na wa Dar es Salaam ni uzao wa watu waliotoka huku magharibi, wengi katika misafara ya karne ya kumi na tisa. Leo ni Watanzania. Na mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao. Tanzania ina makosa yake, na si kila mkimbizi aliyepata bahati hiyo. Lakini ilionyesha kwamba mtu aweza kuingia katika taifa kwa mlango wa sheria, mchana, bila kubadili mama yake.

Na sisi wenyewe tunao ushahidi ulio karibu zaidi. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waliuawa Baraka Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara, Wasaveri kutoka Italia. Siku ile ile, Fizi, waliuawa Padre Giovanni Didonè, Msaveri wa Italia, na Abbé Albert Joubert, padre wa jimbo, mzaliwa wa pwani ya ziwa hili upande wa Moba, mwenye baba Mfaransa na mama Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri pamoja.

Sitaji jambo hili kwa kuwasifu mapadre. Nalitaja kwa sababu ya swali letu. Watu wale wanne walikuwa wa taifa gani? Kwa natio, watatu walikuwa Waitalia, na wa nne alikuwa nusu huku na nusu kule, mtu ambaye wenye kupima damu wasingejua wamweke wapi. Lakini siku ya hatari hawakujitenga na watu ambao walikuwa wamewazunguka na kuwatumikia. Wakristo wa Fizi na Baraka leo huwaita wenyeheri wetu. Neno hilo dogo “wetu” halikutoka katika hati yoyote ya kuzaliwa.

Yatupasayo

Huenda mtu ataniuliza: “Mwandishi, maneno haya yatazuia risasi?” Hayatazuia. Risasi huzuiwa na serikali yenye nguvu na haki, na na wenye silaha watakaokubali kuziweka chini. Lakini kabla bunduki haijalia, kuna neno lililotangulia. Hakuna aliyemwua jirani yake bila kwanza kumwondoa mdomoni: “Huyu si mwenzetu.” Neno hilo hutamkwa nyumbani, mbele ya watoto, wakati wa kula. Na hapo serikali haipo, tupo sisi.

Basi, mzazi awafundishe watoto kabila lao bila haya: lugha yake, majina yake, methali zake, makaburi ya wazee. Kabila ni zawadi. Lakini asiwafundishe kwamba kabila ndilo taifa, maana nyumba si kijiji. Mwalimu anayefundisha historia ya Fizi ataje waliokufa wote, wa 1996 na wa 1998, kwa sauti ile ile. Mtemi na mkubwa wa sekta wayatenge yale maswali matatu wanapoamua mashauri, na shamba liamuliwe kama shamba. Na watunga sheria wa Kinshasa wakumbuke kwamba kila wanaposogeza tarehe kwenye karatasi, kuna mlima ambako mtu anasogezwa na panga.

Zaidi ya hayo, yatupasa kukubaliana juu ya kile kinachokaa katikati, kile tutakachokizunguka sote. Hakiwezi kuwa lugha moja, maana hatuna. Hakiwezi kuwa babu mmoja, maana hatuna. Hakiwezi kuwa dini moja, maana Baraka ina kanisa na ina msikiti. Kinachobaki ni kitu rahisi kukitaja na kigumu kukishika: kwamba uhai wa mtu wa upande ule una thamani ile ile ya uhai wa mtu wa upande huu, na kwamba hakimu mmoja atasikiliza wote wawili. Pasipo hicho tutakuwa na bendera, na wimbo, na siku ya uhuru, lakini taifa bado. Tukiwa nacho, hata pale Kinshasa iliko mbali na barabara imekatika kwa mvua, taifa litakuwapo kati ya majirani wawili wanaogombea mpaka wa shamba, wakaenda kwa hakimu, wakarudi nyumbani kwa njia moja.